Nilivyojikuta Ndani ya Pete ya Mtu

Harusi yangu ya kwanza ya kulipwa niliiharibu kwenye pete. Nilisogeza kamera karibu kabisa, nikijua makro ndiyo hiyo. Kuja kuikuza picha kwenye kompyuta, tarehe iliyochorwa ndani ya pete imefifia, na kwenye dhahabu nimo mimi na fulana yangu nyekundu! Bibi harusi akauliza, "Kaka, hii nyekundu ni nini?" Nikalipwa nusu.

Kumbe huo ukaribu ndio shida yenyewe. Lenzi ya makro ikimpiga mdudu wa milimita 20, au pete, taswira yake ndani ya kamera nayo huwa milimita 20. Hapo hata ukibana tundu la lenzi hadi f/11, sehemu inayotoka kali haizidi sana milimita moja. Kubana hadi f/22 si dawa, mwanga hutawanyika na picha nzima inalegea. Wenye muda huweka kamera kwenye stendi, wanapiga picha kadhaa wakisogeza fokasi kidogo kidogo, kisha programu inaziunganisha. Mimi huwa sina muda, MC anaita, kwa hiyo nachagua ile tarehe tu.

Halafu pete ni kioo cha duara, inaonyesha chumba kizima. Siku hizi naizungushia karatasi nyeupe karibu na dirisha, natoboa tundu la lenzi. Fulana nyekundu naiacha hosteli.