Sentimita 72: Bei ya Sura ya Mwanamke Gazetini, Kutoka Dar es Salaam Hadi Kibirizi

Gazeti huuza nafasi kama duka la vitambaa linavyouza jora, kwa kipimo. Kipimo chenyewe ni sentimita moja ya urefu ndani ya safu moja. Tuchukue ukurasa wenye safu 6, kila safu sentimita 36: hizo ni sentimita 216 za safu. Kila moja ikiuzwa kwa shilingi 10,000, ukurasa mzima ni shilingi 2,160,000. Ongeza kodi ya ongezeko la thamani, asilimia 18, mtangazaji anatoa shilingi 2,548,800. Bei na vipimo hivi ni vya mfano tu, lakini hesabu hufanywa hivyo.

Sasa pima picha. Mwanamke anayetabasamu akichukua theluthi ya ukurasa, amekalia sentimita 72, na sura yake imelipiwa shilingi 849,600. Hakuna mfanyabiashara anayetoa fedha hizo kwa ajili ya pambo. Amelipa kwa sababu picha hufika kabla ya neno. Maelezo ya sabuni yanaweza kurukwa, lakini macho ya mtu huvutwa na macho ya mtu.

Upande wa pili wa hesabu unaonyesha kwa nini analipa bila kusita. Nakala 20,000 zikichapwa, ukurasa ule unamgharimu shilingi 127 na ushee kwa nakala. Kila nakala ikisomwa na watu watano, ni kama shilingi 25 kwa msomaji. Na Kigoma watu watano ni wachache. Gazeti likishafika huku, mwisho wa reli ya kilomita zaidi ya 1,200 kutoka Dar es Salaam, linashikwa kwa kinyozi, linapita kwenye kijiwe cha kahawa Ujiji, kisha linachanwa kufungia maandazi. Mama asiyewahi kununua gazeti anafika nyumbani na kipande chenye tangazo. Habari ya juzi imeshachacha. Picha ya yule mwanamke bado inafanya kazi.

Nguvu hiyo ya picha ina historia. Mwaka 1967, kati ya watu wazima 100 wa Tanzania Bara, 67 hawakujua kusoma na kuandika. Kwa watu hao tangazo la gazetini lilikuwa picha, basi. Na picha nyingi za miaka hiyo Afrika Mashariki zilikuwa za mama wa nyumbani na sabuni yake, au za binti aliyeng'arishwa ngozi. Krimu za Ambi zilitangazwa hivyo magazetini na majaridani: weupe ukauzwa pamoja na ajira, mchumba na maisha ya mjini. Mnamo Oktoba 1968 vijana wa chama cha TANU walitangaza Operesheni Vijana, na kuanzia Januari 1, 1969 sketi fupi, wigi na krimu za kujichubua zikapigwa vita Dar es Salaam. Naona kosa kubwa pale: walioteseka barabarani walikuwa wasichana waliovaa, huku biashara iliyowauzia ile sura ikibaki salama. Krimu zenye zebaki na haidrokwinoni zimepigwa marufuku na sheria, lakini mkorogo bado unauzwa, na madhara yake yanabaki kwenye ngozi ya mnunuzi.

Kufikia 1986 wasiojua kusoma walikuwa wameshuka chini ya asilimia 10. Picha haikubadilika kwa kasi hiyo. Uchunguzi wa dunia wa vyombo vya habari, unaohesabu nani anatajwa na kusikika katika habari, uliwakuta wanawake asilimia 17 mwaka 1995 na asilimia 25 mwaka 2020. Pointi 8 kwa miaka 25: kwa mwendo huo, nusu itafikiwa miaka 78 baada ya 2020. Habarini mwanamke ni mmoja kati ya wanne, ilhali kwenye tangazo la sabuni ndiye anayewekwa mbele.

Sensa ya 2022 ilihesabu watu 2,470,967 mkoani Kigoma, na zaidi ya nusu ni wanawake. Nenda kwenye mialo ya Kibirizi au Katonga jua likichomoza uwaone wakianika dagaa, wakigeuza, wakipatana bei na wachuuzi. Wengine wanakamua mawese, na mawese hayo hupikiwa sabuni. Mwanamke huyu anaijua sabuni tangu ikiwa chikichi, lakini kwenye tangazo la sabuni simwoni.

Wenye biashara wa Kigoma, mnapopeleka tangazo gazetini, pelekeni na picha yake, akiwa na kitenge chake na mikono yake ya kazi, na mlipeni kwa kupigwa picha. Nafasi haitaongezeka bei. Sentimita 72 ni zilezile.