Barua pepe isiyofika: kweli na uongo kuhusu seva ya ofisini Karagwe na Kyerwa

Barua pepe isipofika, ofisi inayoendesha seva yake yenyewe hapa Kayanga, wilayani Karagwe, au kule Nkwenda, wilayani Kyerwa, hulaumu kwanza umeme, kisha mtandao, mwisho Wazungu. Katika wilaya hizi mbili, zilizokuwa moja mpaka Kyerwa ilipojitenga mwaka 2012, jambo hilo si dogo. Kahawa ya robusta ya ushirika wa KDCU ina wanunuzi Ulaya. Hospitali, mashirika ya wakulima na redio za jamii zina washirika wa mbali wanaosubiri majibu. Ofa ya kahawa ikichelewa kujibiwa, anayeumia ni mkulima. Kwa hiyo tuyapime yanayosemwa.

"Umeme ukikatika, barua zilizokuwa njiani zimepotea."

Si kweli. Kwa miaka mingi sehemu kubwa ya Kagera imepata umeme wake kutoka Uganda, na adha ya kukatika kwake tunaijua. Lakini SMTP, kanuni ya kupeleka barua pepe ambayo Jon Postel aliiandika mwaka 1982, haikutarajia kwamba kila mtambo utakuwa hewani muda wote. Seva inayotuma huiweka barua kwenye foleni, ndani ya diski, na haiiondoi mpaka seva ya upande wa pili ikiri kuipokea. Ikishindwa hujaribu tena. Kanuni ya sasa inaitaka isikate tamaa kabla ya siku 4 au 5. Postfix, programu inayotumiwa na seva nyingi ndogo, isipobadilishwa huvumilia siku 5. Umeme ukirudi, foleni inaendelea.

Kinachoharibika kweli ni saa. Kompyuta ya zamani ambayo kibetri chake cha ndani kimekufa huweza kuwaka ikidhani bado ni mwaka 2010. Barua inatoka na tarehe hiyo, na vichujio vya spamu vinaitilia shaka papo hapo. Umeme ukisharudi, tazama saa ya seva kabla ya kugusa kitu kingine.

"Mtandao wa huku ni dhaifu, ndiyo maana."

Mara nyingi si kweli. Barua ya maandishi matupu ni nyepesi kuliko picha moja ya WhatsApp. Kama tovuti zinafunguka na barua zinaingia, lakini za kutoka zinarundikana, andika amri ya mailq usome sababu iliyo chini ya kila barua. Ukikuta wapokeaji wote, wa Gmail, wa Yahoo na wa chuo kikuu cha Ujerumani, wana maelezo yaleyale kwamba muda wa kuunganisha umekwisha, ugonjwa hauko kwao. Shuku mlango namba 25. Kampuni nyingi za intaneti duniani huufunga kwa wateja wa kawaida ili kompyuta zenye virusi zisimwage spamu. Tumia telnet: gonga mlango 25 wa seva ya Gmail ya kupokea barua, kisha mlango 587 wa seva yao ya kutuma barua. Wa pili ukiitika na wa kwanza ukakaa kimya, jibu umelipata, na kuongeza bando hakutasaidia.

"Wakubwa wamezifungia anwani za .tz."

Si kweli, na imani hii inaniuma kuliko zote, kwa sababu inamfanya fundi aache kutafuta. Gmail haihukumu herufi za mwisho za jina lako. Inachunguza anwani ya IP inayoleta barua: ni ya nani, ina sifa gani, na kama jina inalojitaja ni lake kweli.

Hapo ndipo ofisi zetu hukwama. Nyingi zimeunganishwa kwa modemu ya laini ya simu. Ingia kwenye rauta utazame anwani iliyopewa upande wa nje. Ikiwa iko kati ya 100.64 na 100.127, unachangia anwani moja ya nje na wateja wengine wengi usiowajua. Anwani za wateja wa namna hii mara nyingi huwa kwenye orodha ya shirika la Spamhaus iitwayo PBL, yaani zile zisizotarajiwa kupeleka barua moja kwa moja. Kuwamo humo si kushtakiwa kwa kosa lolote, ila seva nyingi zitakukatalia.

Hata ukilipia anwani ya kudumu, bado kuna rekodi ya PTR. Mpokeaji huiuliza DNS: anwani hii ina jina gani? Jina likirudi, huuliza tena kama jina hilo linaelekea kwenye anwani ileile. Ofisi nyingi hupeleka ombi la PTR kwa aliyewauzia jina la kikoa, naye hana uwezo huo. Mwenye uwezo ni mwenye anwani, yaani kampuni inayokupa intaneti. Mwandikie yeye, ukitaja anwani na jina kamili la seva.

"Hatutumi spamu, hivyo hatuwezi kuwekwa kwenye orodha nyeusi."

Si kweli. Nywila moja dhaifu ya mhasibu ikiibiwa, seva itatuma maelfu ya barua usiku ofisi imefungwa. Dalili ni foleni iliyojaa anwani ambazo hakuna mtu ofisini anazijua. Badilisha nywila, futa barua hizo, ndipo uombe kuondolewa. Ukiomba kabla ya kuziba tundu, utarudishwa humo.

"Tukiweka SPF tumemaliza."

Nusu kweli. SPF hutaja seva zinazoruhusiwa kutuma kwa jina lako, lakini barua ikielekezwa kutoka sanduku moja kwenda jingine, uthibitisho huo huvunjika. DKIM hutia saini ndani ya barua yenyewe. DMARC humwambia mpokeaji afanye nini vyote viwili vikishindwa. Tangu Februari 2024, Gmail na Yahoo zinamtaka kila mtumaji awe na SPF au DKIM pamoja na PTR iliyo sahihi. Wanaotuma kwa wingi wanatakiwa kuwa na SPF, DKIM na DMARC kwa pamoja. Tahadhari moja: ufunguo wa DKIM wa biti 2048 ni mrefu kuliko herufi 255 zinazoruhusiwa katika kipande kimoja cha rekodi ya DNS. Usipogawanywa vizuri, saini inashindwa huku kila kitu kikionekana sawa.

"Ikikataliwa, tuma tena."

Inategemea tarakimu ya kwanza ya namba ya jibu la seva iliyokataa. Ikianza na 4, kama 451, umeambiwa urudi baadaye, na seva itarudi yenyewe. Ikianza na 5, kama 550, umekataliwa. Soma sababu iliyoandikwa mbele yake. Hata 250, jibu la kukubaliwa, halisemi kwamba barua iko inboksi. Mpigie simu mpokeaji, umwombe atazame folda ya spamu.

"Afadhali tuachane na seva yetu."

Kwa ofisi isiyo na fundi wa kuitazama kila siku, ni kweli. Kwa nyingine, nashauri njia ya kati: seva ibaki hapo ofisini ikipokea na kutunza barua zenu, na zinazotoka zipitie kwa mtoa huduma wa relay, yaani wa kuwapelekea barua, kwa mlango 587, kwa nywila. Hapo mlango 25 kufungwa na PTR kukosekana havitawasumbua tena katika kutuma. SPF yenu tu ndiyo lazima imtaje mtoa huduma huyo.