Mazoezi ya Nyumbani Baada ya Kiharusi: Karatasi za Fizio na Namna ya Kuzitumia

Mgonjwa wa kiharusi hulazwa wodini kwa siku chache, kisha huruhusiwa kurudi nyumbani huku mkono na mguu wa upande mmoja ukiwa bado mzito. Kazi ya kumrejeshea uwezo wa kukaa, kusimama, kuvaa na kula huanzia hapo, na sehemu yake kubwa hufanywa na mke, mume, mtoto au mjukuu ambaye hajawahi kufundishwa kazi hiyo. Kwa sababu hiyo, wataalamu wa fiziotherapia katika hospitali ya wilaya huwapatia wagonjwa karatasi za maelekezo zenye picha, bila malipo. Nyingi kati ya karatasi hizo hukunjwa pamoja na vyeti vya dawa na hazifunguliwi tena hadi siku ya kliniki inayofuata, wakati ambapo bega limekwisha kuuma na vidole vimekwisha kukakamaa.

Huduma ambayo wananchi wengi huiita fizio ni sehemu ya huduma pana ambayo Wizara ya Afya huiita utengamao. Ndani yake mna fiziotherapia, inayoshughulikia mwendo na nguvu za viungo; tiba kwa vitendo, inayomrudisha mgonjwa kwenye shughuli za kila siku kama kuoga, kupika na kufunga vifungo; tiba ya usemi; pamoja na utengenezaji wa vifaa saidizi. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa watu bilioni 2.4 duniani wana hali za kiafya ambazo utengamao ungewafaa. Hapa nchini wataalamu wa fani hizi huandaliwa, miongoni mwa vyuo vingine, Moshi katika KCMC, na mafundi wa viungo bandia hufundishwa katika chuo cha TATCOT kilichopo hapo hapo tangu mwaka 1981. Hata hivyo, idadi yao bado ni ndogo kulingana na mahitaji, na wataalamu wa tiba ya usemi ni wachache zaidi. Mtaalamu wa wilayani huhudumia kwa siku moja aliyevunjika mguu, mwenye maumivu ya mgongo, mtoto aliyechelewa kusimama na mzee wa kiharusi. Karatasi anayompa mgonjwa ndiyo mkono wake unaofika kijijani.

Inafaa kueleza kwanza kwa nini mazoezi hufanya kazi, maana wapo wanaoyaona kuwa ni ya kumliwaza tu mgonjwa. Kiharusi hutokea mshipa wa damu unapoziba au kupasuka ndani ya ubongo, na sehemu iliyokosa damu hufa. Misuli ya mkono yenyewe haikuumia. Kilichokatika ni njia ya kuipelekea amri. Ubongo una uwezo wa kutafuta njia nyingine, kama ambavyo wanakijiji hukanyaga njia mpya ya kuzunguka daraja likisombwa na mafuriko. Njia hiyo haipatikani kwa kupita mara moja. Huhitaji kukanyagwa kila siku, mara nyingi, kwa tendo lile lile. Miezi 3 ya mwanzo ndiyo yenye maendeleo ya haraka zaidi, ingawa wagonjwa wengi huendelea kupata nafuu baada ya hapo. Familia inayongoja mgonjwa apate nguvu kwanza ndipo aanze mazoezi hupoteza kipindi hicho chenye thamani, isipokuwa pale ambapo daktari ameagiza mapumziko.

Wataalamu nao wana vitabu vyao vya kujifunzia. Mwaka 1989 Shirika la Afya Duniani lilichapisha mwongozo wa kuwafundisha watu wenye ulemavu ndani ya jamii zao, uliojengwa juu ya wazo kwamba mwanafamilia anaweza kuwa mkufunzi akielekezwa kwa picha na maneno mepesi. Mwaka 2023 shirika hilo lilitoa mwongozo mwingine, unaoorodhesha huduma za utengamao zinazofaa kwa magonjwa mbalimbali, kiharusi kikiwemo. Nyenzo hizi ni nzuri, lakini haziwezi kupigwa nakala na kugawiwa kama zilivyo. Nyingi za aina hii huonyesha kitanda cha hospitali kinachoinuka kwa mpini, mipira ya mazoezi na bafu lenye vyuma vya kushikilia. Mgonjwa anayelala kwenye kitanda cha kamba na kuoga uani kwa ndoo hutazama picha hizo na kudhani kuwa mazoezi si ya watu kama yeye.

Karatasi iliyoandaliwa vizuri huanza na vitu vilivyomo ndani ya nyumba. Kigoda na kiti cha mbao hutumika kufundishia kukaa na kusimama. Chupa ya maji iliyotiwa mchanga kidogo huwa uzito wa kunyanyua. Kuchambua maharage, kumenya karanga na kukunja kanga ni mazoezi kamili ya vidole, na yana faida ya ziada kwamba mgonjwa huona kazi imekamilika mbele yake. Mama aliyekuwa akipika kwa miaka 40 hujitahidi zaidi kwenye ungo wa mchele kuliko kwenye mpira wa kuminya.

Yapo mambo manne katika karatasi hizo ambayo familia hukosea mara nyingi, na makosa yake ni ya gharama.

La kwanza ni bega. Mkono uliopooza huning'inia kwa uzito wake, na misuli iliyokuwa ikishikilia bega imelegea. Mgonjwa akivutwa kwa mkono huo ili ainuke, au akiinuliwa kwa kushikwa makwapani, kiungo cha bega huweza kuteguka na kuanza maumivu yatakayomfanya akatae mazoezi yote. Anapokaa, mkono huo uwekwe juu ya mto. Anapovikwa shati, mkono mgonjwa huingia kwanza. Anapovuliwa, hutoka mwisho. Wakati wa kumwinua, msaidizi amshike kiunoni, au afunge kanga imara kiunoni mwa mgonjwa na kuishika hiyo. Miguu ya mgonjwa irudishwe nyuma kidogo, nyayo zikanyage chini, kisha ainame mbele ndipo asimame. Namna hii huuokoa pia mgongo wa msaidizi, ambao hauna wa kuusemea.

La pili ni chakula. Baadhi ya wagonjwa hupoteza uwezo wa kumeza vizuri, na chakula au maji huingia kwenye njia ya hewa na kusababisha nimonia. Mgonjwa alishwe akiwa amekaa wima, si amelala, kwa matonge madogo, na abaki amekaa kwa nusu saa baada ya kula. Akikohoa au sauti yake ikiwa ya majimaji kila anywapo, arudishwe hospitali akapimwe umezaji. Kwa wengine mtaalamu hushauri vimiminika vizito, kama uji mzito, badala ya maji matupu.

La tatu ni kukanda kwa maji ya moto. Desturi hii imeenea, na nia yake ni njema. Hatari yake ni kwamba kiharusi huweza kuondoa hisia za ngozi, hivyo mgonjwa huungua bila kusema kitu. Vidonda vya moto kwenye mguu uliopooza huchelewa kupona na husimamisha mazoezi kwa wiki nyingi. Kumsugua mgonjwa taratibu kwa mafuta hakuna ubaya, lakini hakuchukui nafasi ya yeye mwenyewe kujaribu kusogeza kiungo.

La nne ni fimbo. Karibu kila mzee aliyepooza mguu hushika fimbo upande wa mguu huo huo. Fimbo hushikwa kwa mkono mzima, na urefu wake hufika kwenye kifundo cha mkono pale mgonjwa anaposimama na mikono imeshuka. Seremala yeyote wa mtaani aweza kuitengeneza kwa kipimo hicho, na chini yake akapigilia kipande cha mpira wa tairi ili isiteleze.

Kuna jambo jingine ambalo picha haziwezi kulibeba vizuri, nalo ni usemi. Mgonjwa aliyepoteza maneno mara nyingi hajapoteza akili. Huelewa mengi yanayosemwa mbele yake, pamoja na yale ambayo ndugu hunong'onezana kuhusu shamba na urithi. Wataalamu hushauri familia iandae ubao au daftari lenye picha za maji, chakula, choo, maumivu na sura za watu wa nyumbani, ili mgonjwa aonyeshe kwa kidole. Aulizwe maswali yanayojibika kwa ndiyo au hapana, kisha apewe muda. Kumkatiza na kumsemea ni njia ya haraka ya kumfanya anyamaze kabisa.

Karatasi peke yake haimtoshi mtu asiyesoma, wala mwenye uoni hafifu. Ndiyo maana wataalamu hutumia utaratibu wa kumtaka msaidizi arudie kwa vitendo kile alichoonyeshwa kabla hajaondoka. Asione haya wala asidhani anapewa mtihani. Anayepimwa hapo ni mwalimu, kama ameeleweka au la. Wenye simu janja huruhusiwa kumrekodi mtaalamu akimfanyisha mgonjwa wao mazoezi, kwa idhini ya wote wawili. Video hiyo fupi ina manufaa kuliko zile za mitandaoni zinazoahidi kuponya kupooza kwa siku 7, ambazo hazijui mgonjwa huyu ana presha kiasi gani wala goti lake likoje.

Mazoezi hayaondoi dawa. Shinikizo la juu la damu ndicho chanzo kikuu cha kiharusi, na mgonjwa anayeacha vidonge kwa sababu ameanza kutembea yuko katika hatari ya kupata kingine. Uso ukipinda upande mmoja, mkono ukishindwa kuinuka au usemi ukivurugika ghafla, hata kama hali hiyo imepita baada ya dakika chache, mgonjwa apelekwe hospitali saa hiyo hiyo.

Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2010 inatambua huduma za afya na utengamao kuwa miongoni mwa mambo ambayo mtu mwenye ulemavu anastahili kupatiwa. Familia inayoshindwa nauli ya kumfikisha mgonjwa hospitali, au iliyo na mgonjwa asiyeweza kutoka ndani, itoe taarifa kwa Mtendaji wa Kijiji au Mtaa, au kwa Afisa Ustawi wa Jamii wa kata, na imjulishe mhudumu wa afya ngazi ya jamii wa eneo lake. Anayekuja kliniki kwa mara ya pili aje na karatasi yake ya zamani, hata ikiwa imechakaa, kwani mtaalamu huweka alama kwenye mazoezi yaliyokwisha kuwezekana na kuongeza mapya. Aje pia na yule anayemhudumia kwa kweli nyumbani. Mara nyingi anayemsindikiza mgonjwa ni kijana wa bodaboda au mtoto aliyetoka mjini kwa siku mbili, na maelekezo yote huondoka naye.