Je, Wajua? Mguu dhaifu wenye nguvu

Mguu unaweza kupooza bila neva wala mfupa kudhurika. Mgonjwa haigizi, amri za ubongo hukwama njiani.

Jaribio la kutambua hali hii lilielezwa na daktari Mmarekani, Charles Hoover, mwaka 1908. Mgonjwa hulala chali, kiganja cha daktari kikiwa chini ya kisigino dhaifu. Akiambiwa akandamize, hakuna kitu. Akiinua mguu mzima, ule dhaifu hukandamiza wenyewe! Hata bila skana, kiganja kinasaidia.

Siku hizi mgonjwa huonyeshwa nguvu hiyo, kisha mazoezi huanza. Wengine hutembea vizuri zaidi kinyumenyume, ajabu kweli.

Dalili zisizo na jeraha huweza pia kushika kundi. Shuleni Kashasha, karibu na Bukoba, 1962: wanafunzi 95 kati ya 159 walishikwa na vicheko na vilio. Vipimo havikuonyesha ugonjwa. Walimu? Hakuna aliyeshikwa.