Binti Yangu Haendi Shule, Lakini Anasoma

Swali ninaloulizwa zaidi na wazazi wenzangu hapa Leicester ni moja: "Hivi serikali inakubali?" Inakubali. Kwa England, kifungu cha 7 cha Sheria ya Elimu ya mwaka 1996 kinamtaka mzazi ahakikishe mtoto anapata elimu inayomfaa, ama shuleni ama kwa njia nyingine. Sisi tumo katika hiyo njia nyingine tangu Januari mwaka jana. Tulimwandikia barua mwalimu mkuu, jina la mtoto likaondolewa. (Ukiwa Scotland usifuate ya kwetu. Huko, mtoto aliyekwisha kuanza shule ya serikali huombewa kwanza ruhusa ya halmashauri.)

Sababu sitaieleza kwa urefu. Sasa ana miaka 14. Mwaka ule alikuwa akirudi nyumbani kimya, chakula hali, na kila Jumapili jioni tumbo linamuuma. Inatosha.

Watu hutaka kujua siku yenyewe inakwendaje. Mimi nafanya kazi ya usiku ya kutunza wazee, narudi saa mbili asubuhi. Nikifika, yeye ameshakunywa chai na kompyuta iko wazi. Ukutani hakuna ratiba. Kuna daftari: asubuhi anaandika anachotaka kukijua, jioni anaandika alichokipata, nami nalisoma kabla ya kwenda kazini. Hisabati ni saa moja kila siku, hilo ni sharti langu na hatulijadili. Mengine anajipangia.

Anachokipenda ni kutengeneza tovuti. Anafuata masomo ya bure ya freeCodeCamp, na akikwama hufungua maelezo ya MDN. Alianza na HTML, inayoiambia kompyuta hiki ni kichwa, hii ni aya, hii ni picha. Kisha CSS, ambayo ndiyo nguo za ukurasa: rangi, ukubwa wa herufi, nafasi. Ukimtazama kutoka mlangoni utadhani anacheza.

Ukurasa wake wa kwanza wa maana ulikuwa wa ndege anaowaona, aliomtengenezea Bibi yake aliyeko Pangani. Ukagoma kufunguka. Picha moja tu ilikuwa na MB 4, na bando la Bibi likaishia kwenye bata. Ujumbe wa sauti ukaja: "Mjukuu wangu, umenilia vocha yangu yote kwa bata?"

Tatizo lile lilimkalisha siku tatu, na hakuna aliyemwamuru. Alijifunza kupunguza picha mpaka ile ya MB 4 ikawa KB 90. Akajifunza kuzifanya picha za chini zisubiri mpaka msomaji azifikie. Bibi akarudi na lalamiko lingine, kwamba maandishi ya kijivu hayaoni. Basi binti akatafuta na kukuta ziko kanuni za kimataifa: mwanga wa maandishi ya kawaida na wa mandhari yake utofautiane kwa uwiano wa 4.5 kwa 1, angalau. Kijivu kikaondoka. Na juu kabisa ya ukurasa akaandika lang="sw", ili kompyuta ijue lugha ni Kiswahili. "Mama, kumbe Kiswahili kina alama yake," akaniambia. Nilifurahi kuliko nilivyoonyesha.

Saa nane mchana, nikishaamka, tunatoka. Tunapanda basi hadi Watermead Country Park, kaskazini mwa mji, kwenye maziwa yaliyotokana na mashimo ya kuchimbia kokoto kando ya mto Soar. Darubini yetu ni ya mtumba. Huwa tunamwona kongoti amesimama kama mlinzi wa getini, mnandi ametandaza mabawa akiyakausha, na siku ya bahati mdiria anapita kama cheche ya bluu. Majina tunamuuliza Bibi. Mnandi alimtambua hapo hapo. Yupo mmoja mwenye kishungi, Waingereza humwita great crested grebe. Bibi akaamua aitwe bata kilemba. Binti akamjibu kwa adabu kwamba huyo si bata hata kidogo, lakini jina limeshakaa.

Aprili ni mwezi wa mbayuwayu. Huyu ana gramu kama 20 tu, na wale wa Uingereza huvuka Sahara kwenda mpaka Afrika Kusini. Binti alisoma habari za John Masefield wa Staffordshire, aliyemvisha mbayuwayu pete mguuni Mei 1911. Desemba 1912 ndege yule akakamatwa Natal, pete ikiwa bado mguuni. Bibi alitamani mbayuwayu wa kwenye nyaya za umeme kwake wawe hawa hawa wa kwetu. Binti akaandika ukurasani kwamba huenda ni wa sehemu nyingine za Ulaya au Asia. Hata hivyo wanaandika tarehe wote wawili: Bibi siku ya mwisho kuwaona, binti siku ya kwanza.

Baba yake hajaridhika. Shemeji zangu wanataka apelekwe shule ya bweni Tanga. Mume wangu hilo hataki, ila anasema tovuti ya ndege haitamfungulia mlango wa chuo, na kuhusu vyeti yuko sahihi. Mtoto asomaye nyumbani hufanya GCSE kama mtahiniwa binafsi: mzazi hulipia kila somo na hutafuta mwenyewe kituo kitakachompokea. Wengi huchagua International GCSE kwa kuwa masomo yake mengi hupimwa kwa mtihani tu, bila kazi za darasani.

Tumekubaliana hivi, na binti ameweka saini daftarini. Hisabati ataifanya mwakani, mwaka mmoja kabla ya wenzake. Akifaulu, tunaendelea hivi hivi na baba yake halirudii neno la shule. Asipofaulu, Septemba anaingia shule nyingine, atakayoichagua yeye baada ya kuitembelea. Yeye mwenyewe ndiye aliyeongeza hayo maneno ya mwisho.

Kituo cha Hisabati na Kiingereza tumeshakipata. Cha Baiolojia bado natafuta, na mwenye kukijua hapa Midlands asinyamaze.