Kani ya umeme na kani ya graviti

'''Kani ya umeme''' na '''kani ya graviti''' ni kani mbili zinazotenda kazi kati ya vitu vyenye chaji hata visipogusana. Graviti hutokana na masi ya vitu hivyo, na kani ya umeme hutokana na chaji yake. Sheria ya graviti ilitolewa na Isaac Newton mwaka 1687. Ile ya umeme ilitolewa na Mfaransa Charles-Augustin de Coulomb mwaka 1785 baada ya kufanya vipimo.

Kwa umbo, sheria hizo zinafanana:

Graviti: F = G m₁m₂ / r²

Umeme: F = k q₁q₂ / r²

Herufi r ni umbali kati ya vitu viwili. Ukiongezeka mara mbili, kila kani hupungua hadi robo. G ni 6.67 × 10⁻¹¹ N·m²/kg² na k ni 8.99 × 10⁹ N·m²/C². Mwanafunzi akiandika kwamba umeme una nguvu zaidi kwa sababu k ni kubwa kuliko G, bado hajathibitisha kitu: namba moja inahusu kilogramu na nyingine kulomu. Inabidi kuchukua vitu halisi na kupiga hesabu.

Mfano unaofaa ni atomu ya hidrojeni, yenye protoni moja na elektroni moja, umbali wa takriban 5.3 × 10⁻¹¹ m. Kani ya umeme kati yake ni 8.2 × 10⁻⁸ N. Ya graviti ni 3.6 × 10⁻⁴⁷ N tu. Ya kwanza ni kubwa kuliko ya pili mara 2.3 × 10³⁹ hivi. Umbali ukibadilishwa uwiano huo haubadiliki, maana r² iko katika sheria zote mbili na hufutika tunapogawanya.

Hata bila maabara jambo hili huonekana. Kitana cha plastiki kilichosuguliwa kwenye nywele kavu huinua vipande vya karatasi, ingawa Dunia nzima inavivuta chini.

Mbona basi ni graviti inayotawala angani? Chaji ni za aina mbili, chanya na hasi, nazo hubatilishana. Masi ni ya aina moja, na kila kilogramu huongeza mvuto. Tuchukue matufe mawili ya chuma, kila moja kilo 1. Ili yasukumane kwa umeme sawasawa na yanavyovutana kwa graviti, inatosha kila tufe lipewe elektroni milioni 540 za ziada. Zinaonekana nyingi, lakini tufe lenyewe tayari lina elektroni zipatazo 2.8 × 10²⁶, na chaji zake zimesawazishwa na protoni. Dunia na Mwezi vivyo hivyo: chaji zao karibu zote zimebatilishana, na kinachobaki kuushika Mwezi katika njia yake ni graviti.