Mkasi wa Harusi: Nani Anabaki, Nani Anakatwa?

Hivi wewe na mwenzio mmeshawahi kuitazama video ya harusi yenu mpaka mwisho, bila kurusha mbele? Wengi hamjafika hata kwenye keki! Magari yanatoka kanisani, magari yanaingia Rock Garden, maharusi wanapiga picha kwenye mawe ya mto, magari yanatoka tena. Masaa manne. Na mmelipia.

Urefu sio thamani, jamani. Mwenye kamera anaokota tu. Anayesimulia ni yule aliyejifungia studio na kompyuta yake, mhariri.

Warusi walishtukia siri hii miaka 100 hivi iliyopita. Lev Kuleshov alichukua uso uleule wa mwigizaji Ivan Mosjoukine, akaupanga jirani na bakuli la supu, kisha jeneza, kisha mwanamke. Watazamaji wakaona njaa, huzuni, mapenzi, wakati uso haukubadilika hata kope! Sasa fikiria: bwana harusi kapiga mwayo wakati wa matangazo, mhariri kauweka mwayo huo mara tu baada ya bibi harusi kula kiapo. Mama mkwe atasemaje?

Sisi utamu huo tulinyimwa makusudi. Kuanzia 1935 hadi 1937, kule Vugiri kwenye milima ya Usambara, Waingereza walitengeneza sinema za kuwafundisha Waafrika kupitia mradi wa Bantu Educational Kinema Experiment. Baadaye William Sellers, kiongozi wa kitengo cha filamu za makoloni kilichoanzishwa mwaka 1939, akashikilia kwamba Mwafrika hawezi kufuata picha inayokatwa haraka. Kila shoti ikae muda mrefu, hila za kamera marufuku. Angewaona vijana wetu wanavyokata video za Bongo Fleva angezimia.

Mbinu zipo, na wala hazihitaji mtambo wa ajabu. Sauti itangulie picha: matarumbeta yasikike wakati bibi harusi bado anapakwa poda Kihonda, ndipo gari litokee. Au picha zipishane: yeye anavaa shela, jamaa huko Bigwa anahangaika na tai. Dakika 2 tu, moyo unadunda. Walter Murch, aliyepata Oscar ya uhariri kwa The English Patient (1996), anapima kila mkato kwa vigezo 6, na hisia peke yake anaipa asilimia 51.

Lakini hisia za nani? Hapo ndipo ugomvi unapoanzia.

Kwa Waluguru ukoo unafuata kwa mama, na mjomba sio mgeni mwalikwa, ni mwenye mtoto. Mwaka 2008 binamu yangu aliolewa hapa mji kasoro bahari. Mjomba wake akateremka kutoka Matombo, akamkabidhi binti kwa maneno ya dakika kama 12, Kiluguru na Kiswahili, ukumbi mzima ukalia. Kwenye DVD? Sekunde chache, mdomo unacheza, juu yake umepigwa muziki. Bwana harusi ndiye aliyemwambia mhariri "wazee fupisha". Alipokwenda kuomba kaseti ya mwanzo, akakuta imesharekodiwa harusi nyingine. (Mimi nahariri maandishi. Nikikata sentensi, nakala ya mwanzo inabaki kwenye droo.)

Wiki nzima watu hawakuongea ndani ya nyumba. Mjomba alifariki mwaka 2011, na sauti yake haipo popote.

Kwa hiyo kabla ya kutoa hata malipo ya mwanzo, kaeni wawili. Kila mmoja aandike majina ya watu wake ambao hawakatwi, na sauti zao zisifunikwe na muziki. Mpelekeeni mhariri karatasi hiyo mkiwa pamoja, sio mmoja kwa siri. Kwenye mkataba dai mpewe picha zote ambazo hazijakatwa, kwenye diski yenu wenyewe.

Halafu mruhusuni akate magari yote.